Msimamizi wa Wahudumu wa Afya na Ustawi wa Jamii Anapatikanaje?

Katika vituo vingi vya afya na ofisi za ustawi wa jamii, msimamizi hupatikana kwa njia moja. Muuguzi aliyekuwa hodari wodini, mnasihi ambaye wateja wamemzoea, au afisa ustawi wa jamii aliyeshughulikia mashauri mengi kuliko wenzake hupandishwa cheo, hukabidhiwa wafanyakazi sita au wanane, na kuanzia wiki ile huhesabiwa kuwa anajua kuwasimamia. Barua ya uteuzi humtajia majukumu ya kupanga zamu, kutuma taarifa na kujaza fomu za tathmini ya utendaji. Haimwambii afanye nini pale mfanyakazi kijana atakapoketi mbele yake na kusema kwamba shauri la mtoto fulani linaendelea vizuri, ilhali namna anavyolisema inaonyesha kwamba haliendi vizuri hata kidogo.

Kumhudumia mtu na kumsimamia anayemhudumia mtu ni kazi mbili. Umahiri katika ya kwanza unasaidia, lakini pia una hatari yake, kwa sababu aliyezoea kutatua matatizo ya wateja kwa mikono yake mwenyewe huwa mwepesi wa kulichukua shauri kutoka kwa mfanyakazi na kulimaliza yeye. Mteja hunufaika siku hiyo. Mfanyakazi hajifunzi lolote isipokuwa kwamba shauri gumu hupelekwa kwa mkubwa, na baada ya mwaka mmoja ofisi nzima inamtegemea mtu mmoja aliyechoka.

Kazi ya usimamizi ina asili mbili, na mvutano uliomo ndani yake hadi leo unatokana na asili hizo. Asili ya kwanza ni mashirika ya kuratibu hisani ya karne ya 19, yaliyoanza London mwaka 1869 na Buffalo, Marekani, mwaka 1877. Watu wa kujitolea walitumwa kuzitembelea familia maskini, na mwajiriwa wa shirika alipewa kazi ya kuwagawia familia, kusoma taarifa zao na kuhakikisha kwamba fedha za wafadhili zinatumika kama ilivyokusudiwa. Asili ya pili ni tiba ya nafsi, yaani kumtibu mtu kwa mazungumzo. Mwaka 1920 wafuasi wa Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyeiasisi tiba hiyo, walifungua kliniki mjini Berlin, na katika miaka iliyofuata ikawa sharti kwamba anayejifunza tiba hiyo awatibu wagonjwa wake wa kwanza huku akivieleza vikao vyake kwa mwalimu mwenye uzoefu. Kwa hiyo msimamizi wa kwanza alikuwa mlinzi wa shirika, na wa pili alikuwa mwalimu wa fundi anayeinukia. Alfred Kadushin, mhadhiri wa ustawi wa jamii nchini Marekani, alizikutanisha asili hizo mwaka 1976 alipoeleza kwamba msimamizi ana majukumu matatu kwa wakati mmoja: kuhakikisha kazi inafanyika kwa kufuata sheria na taratibu, kumfundisha mfanyakazi, na kumtegemeza ili uzito wa kazi usimvunje. Mgawanyo huo unajulikana sana na hutajwa karibu katika kila mafunzo. Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba majukumu hayo matatu hayana nguvu sawa. Ukiyaacha yenyewe bila kuyalinda, la kwanza huyameza mengine mawili.

Nchini Tanzania jambo hili linaonekana wazi katika ziara za usimamizi shirikishi. Timu ya afya ya halmashauri hufika zahanati na gari, hukutana na mganga mfawidhi, hukagua rejesta, hesabu ya dawa na joto la jokofu la chanjo, hujaza orodha hakiki, husaini kitabu cha wageni na kuelekea kituo kingine kabla giza halijaingia. Kazi hiyo inahitajika na si haki kuibeza, maana jokofu lililozima linaharibu chanjo za kata nzima. Lakini katika zahanati hiyohiyo yupo muuguzi ambaye wiki iliyopita alimpa binti wa miaka 17 majibu ya kipimo cha VVU, na binti akaondoka bila kusema neno wala kurudi kuanza dawa. Muuguzi huyo bado analala akifikiri alipokosea. Rejesta itaonyesha kwamba mteja alipimwa na kupewa ushauri nasaha. Orodha hakiki itawekwa alama ya vema. Hakuna atakayemuuliza yale mazungumzo yalikwendaje, na kwa kuwa hakuna anayeuliza, naye hujifunza kwamba si jambo la kusemwa mbele ya wageni kutoka wilayani.

Madhara ya usimamizi wa karatasi pekee yaliandikwa kwa urefu nchini Uingereza baada ya kifo cha Victoria Climbié, mtoto wa miaka minane kutoka Ivory Coast aliyeteswa na ndugu aliyekuwa akimlea na mpenzi wa ndugu huyo, akafariki London mwezi Februari 2000. Tume iliyoongozwa na Lord Laming ilitoa ripoti yake Januari 2003 ikiwa na mapendekezo 108. Mtoto yule alikuwa amepita mikononi mwa ofisi za ustawi, hospitali na polisi, na fursa za kumwokoa zilijitokeza mara kwa mara. Miongoni mwa mapendekezo hayo lipo moja ambalo lingeweza kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya ustawi, kwamba wanaofanya kazi na watoto moja kwa moja wasimamiwe kwa utaratibu usiokatika, na kwamba usimamizi huo lazima ujumuishe msimamizi kulisoma jalada lenyewe, kulipitia na kulisaini kila baada ya muda maalumu. Kulisoma lenyewe, maana kuhadithiwa na mfanyakazi kilichomo hakutoshi. Inaonekana ni jambo dogo, lakini anayesimamia wafanyakazi wanane, kila mmoja akiwa na mashauri 20, ana majalada 160, na ni rahisi sana kusaini kwa kuamini.

Hebu tutazame saa moja ya usimamizi kwa karibu. Mfano huu nimeutunga, lakini mwenendo wake utatambulika na yeyote aliyekaa katika viti hivyo. Afisa ustawi kijana, mwaka wake wa kwanza kazini, anamweleza msimamizi wake shauri la mtoto wa kike wa miaka tisa ambaye mwalimu alitoa taarifa kwamba alikuja shuleni na alama mgongoni, kisha akaacha kuja kabisa.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba, karibu ukae. Leo tuanze na lipi?”

“Lile la mtoto wa darasa la tatu. Linaendelea vizuri, dada. Nimeshafika nyumbani mara tatu. Baba yake ni mtu mwelewa sana, ananipokea vizuri, amesema mtoto aliteleza bafuni, na sasa yuko kwa bibi yake anapumzika. Nilikuwa nafikiri tulifunge.”

Hapo msimamizi ana njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kukubali, kwa sababu ziara tatu zimefanyika na taratibu zinaonekana kutimia. Ya pili ni kufoka: umefika mara tatu na hujamwona mtoto? Ya tatu ni ngumu zaidi.

“Ziara tatu si kidogo, umejitahidi. Nieleze ile ya mwisho tangu ulipobisha hodi. Nani alifungua, ulikaa wapi, na nani mwingine alikuwepo?”

Kijana anaeleza. Baba alifungua. Alikaa sebuleni, akaletewa soda. Mama wa kambo alipita mara moja bila kusalimia. Anasita kidogo, kisha anaendelea.

“Na mtoto mwenyewe?”

“Bado sijamwona, dada.”

“Huyo bibi anakaa mtaa gani?”

“Sikuuliza.”

“Ulitaka kuuliza?”

Kijana ananyamaza kidogo. “Nilitaka. Lakini yule mzee ni mjumbe wa mtaa, wananzengo wanamheshimu, na ndiye aliyenisaidia kwenye lile shauri la mwezi uliopita. Nikaona nitamdhalilisha.”

Hapo ndipo shauri lilipokuwa limejificha, na hakuna fomu ambayo ingelifichua. Msimamizi hakulitoa kwa ujanja. Aliomba maelezo ya kitu kilichoonekana na kusikika badala ya maoni ya jumla, akatambua jitihada kabla ya kutafuta pengo, na alipofika kwenye pengo hakuuliza kwa nini, kwa sababu swali la kwa nini humfanya mfanyakazi ajitetee. Aliuliza kuhusu nia iliyokuwepo na ikazuiwa. Sasa wanaweza kuzungumzia hofu ya kumkabili mtu mzima anayeheshimika, kisha wakafanya igizo fupi, msimamizi akikaa katika kiti cha baba na kijana akijaribu kusema kwa adabu na bila kurudi nyuma kwamba mtoto lazima aonekane leo. Majukumu yote matatu yametimizwa ndani ya nusu saa. Na jukumu la kwanza halikusahauliwa: kabla kijana hajatoka, imeandikwa kwenye jalada kwamba mtoto ataonwa kabla ya jioni, nani atafuatana naye, na hatua ipi itachukuliwa kama familia itakataa. Usalama wa mtoto hausubiri somo likamilike. Kama kijana angesema hawezi, msimamizi angekwenda mwenyewe siku hiyohiyo, na mafunzo yangefuata kesho.

Katika mfano huu kuna jambo jingine linalohitaji jicho lililozoezwa. Mwaka 1955 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Harold Searles, aliandika kwamba mambo yanayotokea kati ya mtoa huduma na mteja hujirudia, bila mtu kukusudia, kati ya mtoa huduma na msimamizi wake. Msimamizi wetu, akiwa makini, atagundua kwamba yeye mwenyewe, aliposikia sifa za yule baba mwelewa, alianza kutamani shauri lifungwe. Utulivu uliomlaza kijana sebuleni ulikuwa umeshaingia ofisini. Vivyo hivyo mnasihi anayehudumia mteja aliyekata tamaa huja kwa msimamizi akisema hakuna kinachowezekana, na msimamizi asipokuwa mwangalifu naye hukata tamaa juu ya mnasihi. Kwa hiyo hisia za msimamizi wakati wa kikao ni taarifa, na mwenye ujuzi hujiuliza: uzito huu ninaousikia umetoka wapi? Haina maana kwamba kila usingizi wa saa nane mchana una siri ndani yake. Maana yake ni kwamba hisia isiyo ya kawaida hukaguliwa kabla ya kupuuzwa.

Hata hivyo, mazungumzo peke yake yana mpaka. Mfanyakazi hueleza anachokumbuka, na hukumbuka zaidi anachojivunia au kile kinachomtisha. Ndiyo maana usimamizi wa kweli unahitaji kuiona kazi yenyewe: kukaa kimya pembeni ya kikao kwa ridhaa ya mteja, kusikiliza sauti iliyorekodiwa kwa ridhaa hiyohiyo, kufanya igizo, kusoma jalada neno kwa neno. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wameandaa jukwaa liitwalo EQUIP linalotumia igizo la namna hii kupima stadi za msingi za mtoa huduma, kama vile anavyosikiliza, anavyoeleza suala la usiri na anavyouliza kuhusu hatari ya kujidhuru. Vipimo hivyo hutaja pia matendo yenye madhara, kwa mfano kumlaumu mteja au kumkatiza, na sehemu hiyo ndiyo yenye manufaa zaidi, kwa kuwa mtu anaweza kupata alama nzuri kwa jumla huku ana tabia moja inayowaumiza watu kila siku.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, watoto 640 waliofiwa na mzazi au wazazi, katika maeneo ya Moshi nchini Tanzania na Bungoma nchini Kenya, walishiriki katika jaribio la tiba ya kisaikolojia ya kiwewe iliyotolewa na watu wasio wataalamu wa afya ya akili. Wanasihi hao walisimamiwa kila wiki na wasimamizi wa hapohapo, ambao nao hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia, bali watu waliowahi kutoa tiba hiyo katika awamu ya awali. Na wasimamizi hao nao walikuwa na mazungumzo ya mara kwa mara na wakufunzi walioko mbali. Kwa wanaopanga huduma, mnyororo huo ni jambo la kuzingatia kuliko hata tiba yenyewe. Semina ilikuwa mwanzo tu, na ujuzi ulijengwa wiki baada ya wiki, shauri baada ya shauri. Mipango mingi hutumia fedha zote kwenye ukumbi, posho na vyeti, kisha ikifika kwenye usimamizi inasema bajeti imekwisha.

Kuna suala ambalo miongozo iliyoandikwa kwingine hailigusi, nalo ni umri. Katika vituo vyetu ni kawaida kumkuta tabibu wa miaka 28 akimsimamia muuguzi wa miaka 55 aliyezalisha nusu ya vijana wa kijiji. Ni yeye kijana anayepaswa kusema shikamoo asubuhi, na ni yeye anayepaswa kusema saa nne kwamba mgonjwa hakuelezwa dawa zake. Wengi huchagua moja kati ya mabaya mawili: kunyamaza, au kujificha nyuma ya cheo na kutoa amri kwa barua. Wasimamizi wazuri niliowaona hawaitupi adabu wala hawajifichi ndani yake. Husubiri faragha, kamwe hawasahihishi mbele ya mgonjwa wala mbele ya wahudumu wadogo. Huanza na kazi, si na mtu: “Mama, yule mgonjwa wa kitanda cha tatu ameniambia hajui anywe dawa lini, naomba tusaidiane tuone ilikuwaje.” Huuliza uzoefu wa mama huyo kwa dhati, maana upo, kisha hulisema kosa kwa maneno ya wazi bila kulifunika kwa mafumbo hadi lisionekane. Lugha yetu ina uwezo mkubwa wa kusema bila kusema, na uwezo huo unafaa barazani. Katika kosa la kipimo cha dawa unaweza kuua. Na upande wa pili upo pia: mkubwa anayemsimamia kijana ajue kwamba “ndiyo dada” au “sawa mzee” si ushahidi kwamba ameeleweka. Amwombe kijana aeleze kwa maneno yake atakachofanya akitoka pale.

Mahitaji ya mfanyakazi hubadilika kadiri anavyokomaa. Mgeni anahitaji maelekezo yaliyo wazi na uhakika kwamba mtu anapatikana. Akiulizwa maswali ya kina pekee huona anategwa. Mzoefu akielekezwa hatua kwa hatua huona anadharauliwa, na anachohitaji ni mtu wa kumtikisa pale mazoea yanapoanza kumpumbaza.

Mpaka kati ya kutegemeza na kutibu nao unahitaji uangalifu. Anayesikiliza habari za ubakaji, mauaji na watoto waliotupwa hubaki nazo. Huanza kuota ndoto mbaya, au hukauka na kuongea na wateja kama anasoma tangazo. Msimamizi anapaswa kuziona dalili hizo mapema, kumuuliza moja kwa moja, kupunguza mzigo wa mashauri ya aina moja na kumwelekeza kwa mnasihi mwingine. Hapaswi kuwa yeye mnasihi huyo, kwa sababu ndiye atakayemjazia fomu ya tathmini mwisho wa mwaka, na hakuna anayefungua moyo wake wote kwa mtu mwenye kalamu hiyo. Kwa sababu hiyo makubaliano huwekwa siku ya kwanza, kwa maandishi ikiwezekana: yapi yatabaki baina yao, na yapi lazima yapelekwe mbele, kama vile mteja aliyedhuriwa au mtoto aliye hatarini, ambaye Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inaitaka jamii nzima, si wataalamu pekee, itoe taarifa zake.

Usiri umepata adui mpya katika simu. Wilaya zenye umbali mrefu zimeanzisha makundi ya WhatsApp ya kuombana ushauri, na yanasaidia sana mhudumu aliye peke yake visiwani au porini. Lakini picha ya kidonda cha mtoto pamoja na jina la shule yake ikishatumwa kwa watu 40 hairudi tena. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, na msimamizi ndiye anayepaswa kuzigeuza ziwe kanuni za kila siku: bila jina, bila sura, bila mtaa, na jambo zito lipigiwe simu.

Msimamizi mwenyewe atajifunzaje haya? Njia iliyo na uhakika ni ileile anayowatumia wengine. Naye asimamiwe. Mtu mwenye uzoefu akae katika kikao chake, asikilize anavyouliza, ahesabu ni mara ngapi alitoa jibu kabla mfanyakazi hajamaliza sentensi, kisha wazungumze. Pale ambapo mtu huyo hayupo, wasimamizi watatu au wanne wa vituo jirani wanaweza kukutana mara moja kwa mwezi, kila mmoja akileta kikao kimoja kilichomshinda, si mteja aliyemshinda. Tofauti hiyo ni lazima ilindwe, la sivyo mkutano unageuka kuwa wa kujadili wagonjwa. Uongozi nao una deni lake: saa ya usimamizi iwekwe kwenye ratiba kama kliniki ya wajawazito inavyowekwa, iwe na chumba chenye mlango unaofungwa, na isiahirishwe kwa kila mgeni anayetua kutoka mkoani. Idadi ya wafanyakazi chini ya msimamizi mmoja ipangwe kwa kuangalia saa alizonazo. Mwenye wafanyakazi wanane, akimpa kila mmoja saa moja kila baada ya wiki mbili na saa nyingine ya kuyasoma majalada yake, anahitaji saa nane kila wiki, yaani siku nzima ya kazi, na siku hiyo lazima ipunguzwe kutoka kwenye mashauri yake mwenyewe.